Kikao cha maoni ya bajeti: aliye mbali atasikikaje ukumbini, na maneno yake yaingiaje kwenye rekodi?

katibu_umoja

Wakuu, hamjambo.

Chama cha wakaazi huku Embakasi Magharibi kinasaidia ofisi ya wadi kuandaa kikao cha kukusanya maoni kuhusu Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti, ule unaopanga vipaumbele vya bajeti ya mwaka ujao. Ukumbi unaingiza watu 150 hivi. Kikao ni siku ya kazi, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, kwa hivyo walio Industrial Area, wauzaji wa Gikomba, wagonjwa na wazee wa ghorofa zisizo na lifti hawatafika. Tunataka wachangie wakiwa huko huko waliko. Kutazama tu Facebook hatuhesabu kuwa ni kuchangia.

Naomba mwongozo juu ya haya: Je, sheria inaruhusu, na maoni ya mtu wa mtandaoni yana uzito sawa na ya aliye ukumbini? Vifaa tulivyo navyo ni mixa ya njia 8, spika mbili, vipaza sauti vinne vya waya, laptop moja, projekta na faiba ya ukumbi. Kinakosekana nini? Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, naye ataingilia wapi? Na karani aandike nini kwenye kumbukumbu ili kesho mtu asiseme hakusikizwa?

Siasa za nani alikula nini tuziweke kando kwa leo.

---

wakili_pembeni

Sheria inaruhusu. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka kaunti ianzishe majukwaa ya kushirikisha wananchi, na la kwanza kutajwa ni majukwaa ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Lakini usikomee hapo. Kifungu hicho kinataja pia mikutano ya ukumbini, vikao vya kutayarisha na kuhakiki bajeti na mbao za matangazo. Mtandao umewekwa pamoja na hivyo vingine, haukuwekwa badala yake.

Kwenye Katiba, Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishaji wa umma kuwa ni mojawapo ya maadili ya kitaifa, cha 196 kinalibana bunge la kaunti, na cha 201 kinahusu fedha za umma. Hakuna hata kimoja kinachomtaka mwananchi awe amekaa kwenye kiti cha ukumbi ndipo asikizwe. Uzito ni ule ule, mradi maoni yamepokelewa kwa njia iliyotangazwa na ndani ya muda uliotangazwa. Hayo mambo mawili ndiyo watu husahau: ukifungua laini ya WhatsApp katikati ya kikao bila kuitangaza mapema, umewapendelea wenye habari za ndani.

Kuhusu muda. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaitaka Hazina ya kaunti iufikishe waraka huo bungeni kufikia 28 Februari, na katika kuutayarisha izingatie maoni ya Tume ya Ugavi wa Mapato, ya umma, na ya watu au makundi yanayohusika. Bunge lina siku 14 za kuujadili. Kwa hivyo kikao cha wadi kikifanyika tarehe 26 Februari, waraka umeshachapwa na maoni hayana pa kuingia, hata mitambo ingekuwa ya dhahabu. Lengeni Januari, au wiki ya kwanza ya Februari ikichelewa sana.

Kuna kesi moja ambayo kila anayeandaa kikao cha mtandaoni anapaswa kuijua. Mwaka 2014, katika shauri la Robert Gakuru dhidi ya Gavana wa Kiambu, Jaji Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alisema wazi kwamba haitoshi kurusha ujumbe Twitter na kuwaachia wanaojali wautafute wenyewe. Alitaja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za kitaifa na za lugha za mama. Mahakama ya Juu nayo, mwaka 2019 katika kesi ya British American Tobacco, iliweka vigezo: mada ieleweke, utaratibu uwe wazi na rahisi, watu wawakilishwe bila ubaguzi, na wawe na uwezo wa kushiriki. Kumtumia mtu linki ya waraka wa Kiingereza wa kurasa mia usiku wa kuamkia kikao hakutimizi hata kimoja. Andikeni muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, wenye miradi ya wadi yenu na kiasi cha pesa cha kila mradi, na utoke angalau wiki moja kabla.

La mwisho, data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 29, inataka mtu aambiwe unakusanya nini kumhusu na kwa nini, kabla hujakusanya. Jina, wadi na nambari ya simu vinatosha. Msiwaambie watu waandike nambari ya kitambulisho kwenye gumzo la mkutano, maana kila aliyeingia anaiona na wengine wanapiga picha ya skrini. Kama mnarekodi, mwenyekiti aseme hivyo mwanzoni, na aseme rekodi itakaa wapi.

---

fundi_mixa

Nakwenda moja kwa moja kwenye vifaa, katibu.

Anza na sauti. Picha ikikwama watu huvumilia, sauti ikikwama mkutano umekwisha. Na kosa linaloua vikao vya mseto, vya watu wa ukumbini na wa mtandaoni pamoja, hapa Nairobi ni lile lile kila mara: laptop imewekwa mezani kwa mwenyekiti, inasikiliza ukumbi kwa kipaza chake kidogo na kutoa sauti kwa spika yake ndogo. Aliye mbali anasikia kelele za viti, na ukumbi haumsikii yeye.

Unganisha hivi. Mixa yako ina njia kuu, Main, inayokwenda kwenye spika. Ina pia njia ya pembeni, Aux, unayoweza kuipeleka utakako. Vipaza vinne vya ukumbini viingie kwenye Main na vilevile kwenye Aux 1. Aux 1 iingie kwenye laptop kupitia kisanduku cha sauti cha USB, kile chenye angalau njia mbili za kuingiza na mbili za kutoa. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye orodha yako. Kisha sauti inayotoka kwenye laptop irudi kwenye mixa, tuseme njia ya 7, na ipande kwenye Main peke yake. Kitasa cha Aux 1 kwenye njia ya 7 kiwe sifuri kabisa, kibandike utepe mtu asikiguse. Kikifunguliwa hata robo, aliye mbali atasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia baada ya muda mfupi, na mtu hawezi kuzungumza hivyo. Ataacha, na nyinyi mtadhani ni intaneti.

Mixa nyingi ndogo zenye tundu la USB zinatuma Main yote kwenye USB. Ukitumia tundu hilo utapata mwangwi huo huo, kwa sababu sauti ya laptop imo ndani ya Main. Pitia Aux, achana na tundu hilo, au litumie kurekodi tu.

Aux iwe ya kabla ya fada (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), ile ya kitufe cha PRE. Spika zikianza kupiga mbinja utashusha fada ya kipaza. Kama Aux inafuata fada, aliye mbali naye atapotelewa na sauti kila unaposhusha.

Ukumbini kifaa kimoja tu kiwe kimefungua sauti ya mkutano. Siku zote kuna mtu wa safu ya tatu aliyeingia kwa simu yake "kuona kama inafanya kazi". Spika ya simu yake ikiwa wazi, ukumbi mzima utalia. Mwenyekiti atangaze mapema: aliye ndani na ameingia mtandaoni, azime spika na kipaza.

Intaneti: kinachohesabika ni kasi ya kupakia. Ile kubwa wanayoandika kwenye mabango huwa ni ya kupakua. Ipime saa nne asubuhi siku ya kazi, ukumbini, si usiku. Kwa mkutano peke yake megabiti 3 kwa sekunde za kupakia zinatosha. Mkirusha YouTube pia kwa ubora wa 720, ongeza 4. Mkiwa na 10 mnapumua. Laptop iunganishwe kwa waya, na Wi-Fi ya ukumbi isitumie laini hiyo. Ruta ya 4G yenye laini ya kampuni nyingine iwe imewashwa tayari kando. Faiba ikikatwa na wachimba mtaro barabarani, na hukatwa, unahamisha waya mmoja tu.

Stima: ruta ya wati 15, mixa 30, laptop 60, jumla wati 105. UPS, yaani betri ya akiba, ya VA 1,000 itabeba mzigo huo dakika 20 hadi 40 kulingana na umri wa betri. Spika zisiunganishwe kwenye UPS, zitaimaliza mara moja. Stima ikipotea, walio mbali waendelee kusikia na mwenyekiti apaze sauti kwa walio ndani.

Kurusha YouTube au Facebook kuna uchelewaji wa sekunde kadhaa hadi karibu dakika. Anayetazama huko akiandika swali, ukumbi umeshahamia mradi mwingine. Watazamaji wa huko waambieni nambari ya kuingia mkutanoni wenyewe. Msiahidi kwamba maoni ya chini ya video yatasomwa kama hakuna mtu aliyepewa kazi hiyo.

---

shangazi_mowlem

Hapo kwa bando mmepita mbio. Mama wa mboga hawezi kuchoma gigabaiti nzima kumsikiliza mwenyekiti akitambulisha wageni waalikwa. Toeni hesabu.

---

fundi_mixa

Shangazi, hesabu hii hapa. Sauti peke yake hula kama kilobiti 80 kwa sekunde, yaani MB 36 kwa saa. Video ya wastani, kilobiti 600, ni MB 270 kwa saa. Kwa kikao cha saa tatu hiyo ni MB 108 dhidi ya MB 810. Kwa hivyo kamera ya ukumbi isiwe wazi muda wote. Mtambo uonyeshe ukurasa wa muhtasari uliotulia, maana picha isiyosogea hula data kidogo sana, na kamera ifunguliwe kwa mkalimani na kwa msemaji inapohitajika. Kwenye tangazo waambieni watu wazime video zao. Hakuna anayehitaji kuona dari ya jikoni kwa mtu.

---

laini_mbili

Mwenye kabambe ndiye kipimo. Kama njia yenu haimfikii yeye, mmefungua kikao kwa wenye simu kubwa tu.

Njia rahisi ni simu ya kawaida kwa mtindo wa flashi. Tangazeni nambari mbili. Mwananchi anapiga flashi na kukata, hakatwi hata senti. Kijana mmoja anaandika nambari na saa kwenye daftari, anampigia, anamuuliza jina, wadi na jambo analotaka kusema, kisha anamwambia: "Wewe ni wa tano, tutakupigia baada ya dakika ishirini hivi, kaa mahali pasipo na kelele." Zamu yake ikikaribia anapigiwa kwa simu ya pili, ile iliyounganishwa na mixa. Simu mbili, vijana wawili. Mmoja hawezi kupokea foleni na kumrusha mtu hewani kwa wakati mmoja.

Msijaribu kuunganisha watu wote kwenye simu moja kwa kuongeza mmoja mmoja. Mtandao wa simu huruhusu watu watano tu upande wa pili, na mmoja akiwa stejini kwenye matatu, mngurumo wake unawafunika wanne waliobaki.

Kuunganisha simu na mixa: tumia kigawanyo cha tundu la milimita 3.5 kinachotenga vifaa vya masikioni na kipaza. Sauti inayotoka kwenye simu iingie njia ya 8, Main na Aux 1 zote wazi, kwa sababu walio kwenye Zoom nao wamsikie. Sauti ya ukumbi iende kwenye simu kupitia Aux 2, na kitasa cha Aux 2 kwenye njia ya 8 kiwe sifuri, kwa kanuni ile ile ya fundi_mixa. Njia ya 7 nayo ipande kwenye Aux 2, aliyepiga simu amsikie wa Zoom. Mtego uko hapa: mixa hutoa sauti yenye nguvu ya laini, tundu la kipaza la simu linataka sauti dhaifu mno. Ukiunganisha moja kwa moja, anayepiga atasikia mkwaruzo mtupu. Weka kipunguza nguvu cha desibeli 40 katikati, na transfoma ya kutenganisha ili kuondoa ule mvumo wa umeme. Simu ikiwa haitambui kipaza, kigawanyo ni cha mpangilio wa zamani ambao waya wa ardhi na wa kipaza vimebadilishana nafasi. Nunua kingine, usikipige solda usiku wa kuamkia kikao.

Simu yenyewe ilazwe mita moja mbali na waya za vipaza. Ile trrr-trrr inayosikika kwenye spika kabla simu haijaita inatokana na mawimbi ya 2G kuingia kwenye waya.

SMS. Pangeni muundo mfupi: jina la wadi, nafasi, jina la mtu, nafasi, hoja. Ujumbe mmoja ni herufi 160. Lakini angalieni kitu kimoja mnapotuma tangazo kwa wingi: Kiswahili cha kawaida kinaingia vizuri, isipokuwa ile alama ya ng'. Ukiandika kwenye kompyuta, programu hugeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na herufi moja iliyopinda inaubadilisha ujumbe wote, unashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 unakatwa vipande vitatu na mnalipia mara tatu. Jina Sarang'ombe peke yake limetosha kula bajeti ya watu.

WhatsApp ni nzuri kwa sauti zilizorekodiwa. Wekeni kikomo cha dakika mbili, zipokelewe kwenye nambari moja ya ofisi. Kundi msilifungue, kwa sababu kila mwanachama ataona nambari za wenzake.

---

katibu_umoja

Asanteni sana. Kisanduku cha USB na kigawanyo tutavitafuta Luthuli Avenue. Bado nina wasiwasi juu ya mambo mawili: mwenyekiti atagawaje zamu bila upande mmoja kulalamika, na tukipotea hewani katikati ya kikao tufanyeje? Halafu kuna wazee wa kamati ya wadi wanaotaka kuingia kwa Zoom na bado wapige kura.

---

karani_wa_vikao

Katibu, piga hesabu ya muda kabla ya kuchapisha tangazo. Saa tatu ni dakika 180. Ufunguzi na maelezo ya waraka yasizidi dakika 40. Zinabaki 140. Ukimpa kila mtu dakika tatu, na dakika moja ya kubadilisha kati ya kipaza, Zoom na simu, unapata wasemaji 35. Ni 35, si mia. Liseme hilo mwanzoni, na useme maoni ya maandishi yatapokelewa hadi tarehe fulani baada ya kikao.

Zamu ziende kwa mzunguko: mmoja wa ukumbini, mmoja wa mtandaoni, mmoja wa simu, kisha SMS mbili zinasomwa kwa sauti. Msiwaache wa mbali hadi mwisho. Ukiwaweka mwisho, saa sita na nusu mwenyekiti atasema muda umeyoyoma, na hapo kikao cha mseto kimekuwa cha ukumbini chenye mapambo. Foleni iwe kwenye karatasi moja mikononi mwa mtu mmoja, ambaye si mwenyekiti wala fundi.

Jedwali la kumbukumbu liwe na safu hizi: namba, saa, jina, wadi, njia aliyotumia, mradi au ukurasa anaouzungumzia, hoja yenyewe, na safu tupu ya jibu. Namba zianze na herufi: U kwa ukumbini, M kwa mtandao, S kwa simu, J kwa ujumbe. Safu tupu ya jibu ndiyo itakayowasumbua maafisa, na ndiyo sababu msiiondoe. Baadaye iandikwe: limekubaliwa, limekataliwa kwa sababu fulani, au limepelekwa kwa idara fulani. Jedwali hilo libandikwe ofisi ya wadi na litumwe kwa kila aliyetoa nambari.

Hoja iandikwe kwa maneno ya msemaji. "Mkaazi alizungumzia barabara" hiyo si kumbukumbu. "M4: pesa za taa za barabara zihamishiwe mtaro wa kando ya soko kwa sababu maji hufurika" hiyo ndiyo.

Kupotea hewani: wekeni kanuni na mwenyekiti aisome mwanzoni. Mfano: laini ikikatika kikao kinasimama hadi dakika 10. Karani anaandika saa ya kukatika na saa ya kurudi. Isiporudi, kikao kinaendelea kwa ukumbi na simu, wote waliokuwa kwenye foleni ya mtandao wanapigiwa kwa nambari zao, na muda wa maandishi unaongezwa siku mbili. Bila kanuni iliyosomwa mapema, mtu atasema mlizima kwa makusudi alipoanza kuuliza maswali magumu.

Kuhusu wazee na kura, tenga mambo mawili. Mwananchi anatoa maoni, hahitaji akidi. Mjumbe anapiga kura, na akidi yake inatoka kwenye kanuni za chombo chake. Kama kanuni hazitaji kuhudhuria kwa mtandao, mjumbe wa Zoom asikize na achangie, lakini msimhesabu kwenye akidi hadi kanuni zibadilishwe na kikao halali. Mkitaka mfano wa kuazima, kanuni za Massachusetts, Marekani, kama zilivyokuwa kabla ya korona, zilidai akidi, pamoja na mwenyekiti, iwe imeketi ukumbini. Aliye mbali asikike na kila mtu, naye amsikie kila mtu, na kura zote zipigwe kwa kuita jina moja moja. Hiyo ya kuita majina ichukueni kama ilivyo. Kura ya kunyoosha mikono hewani na kwenye skrini haina atakayeitetea.

Rekodi: rekodini kwenye mtambo wa pekee uliochomekwa kwenye mixa, mbali na rekodi ya Zoom. Kama suala litafika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotengenezwa na kifaa kilichotumika. Andika siku hiyo hiyo nani alibonyeza kitufe, kifaa gani, na faili inaitwaje. Baada ya miezi minane hakuna atakayekumbuka.

---

mkono_unasema

Hakuna aliyetaja viziwi hadi sasa. Kifungu cha 54 cha Katiba kinawapa watu wenye ulemavu haki ya lugha ya ishara, Breli na njia nyingine zinazofaa, kwa hivyo hili halingoji wema wa mtu.

Wakalimani wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi. Baada ya hapo mikono bado inakwenda lakini maana inaanza kudondoka. Mkalimani awe na kamera yake na ameingia mkutanoni kwa akaunti yake, na mwenyeji aibandike video yake mbele kwa watu wote. Msimweke nyuma ya mwenyekiti kwenye kamera moja ya ukumbi, ataonekana kama stempu ya barua. Mtambo ukionyesha ukurasa wa muhtasari, hakikisheni video ya mkalimani haijasukumwa pembeni ikawa ndogo. Mwanga utoke mbele yake. Dirisha likiwa nyuma, uso unakuwa kivuli, na nusu ya sarufi ya ishara iko usoni. Kamera za laptop kwenye mwanga hafifu hupunguza idadi ya picha kwa sekunde, mikono inakuwa ukungu. Taa moja ya mezani inamaliza tatizo hilo.

Kiziwi aliye mbali akitaka kuchangia, video yake iende kwenye projekta, mkalimani aliye ukumbini aisome kwa sauti kwenye kipaza. Zamu hiyo ipewe dakika tano.

Kwa wasioona: waraka uliopigwa skana ni picha, programu ya kusoma kwa sauti haisomi kitu humo. Tumeni maandishi halisi.

Mkitumia pia tafsiri ya Kiingereza na Kiswahili kwenye Zoom, mjue aliyeingia kwa kupiga simu hasikii njia ya mkalimani, anasikia ya asili tu. Na rekodi ya Zoom iliyohifadhiwa mtandaoni huenda ikabeba sauti ya asili peke yake.

---

shangazi_mowlem

Na linki nayo ipimwe. Bango lenye linki ya mistari miwili hakuna atakayeinakili kwa kidole. Wekeni nambari ya mkutano ikiwa imegawanywa tatu, nne, nne, na neno la siri liwe tarakimu. Chini yake nambari ya flashi kwa herufi kubwa, ndiyo itakayotumika zaidi.

---

fundi_mixa

Na msiweke linki wazi kwenye kurasa za umma bila kuweka chumba cha kusubiri. Wahuni huingia kuonyesha uchafu. Kabla ya kufungua milango: wageni wasiweze kuonyesha skrini, wote waingie vipaza vikiwa vimezimwa, wasiweze kubadilisha majina wakishaingia, na mwenyeji-msaidizi mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuruhusu na kutoa. Akaunti ya bure ya Zoom hukatika baada ya dakika 40 na huishia watu 100, kwa hivyo mlipie mwezi mmoja.

Jaribio lifanyike siku moja kabla, na mtu mmoja awe nje kabisa ya jengo. Jaribio la watu wawili walio ukumbini halionyeshi mwangwi. Mtu wa nje ahesabu hadi ishirini huku mtu wa ndani akizungumza juu yake. Mtu wa nje akisikia hesabu yake ikirudi, ni kitasa cha Aux 1 kwenye njia ya 7. Ukumbi ukilia mbinja, ni kipaza kilichoelekezwa kwenye spika. Ukumbi usipomsikia kabisa, laptop imechagua spika yake badala ya kisanduku cha USB, na Windows hufanya hivyo yenyewe kila ukichomoa waya na kuurudisha. Kisha rudia kwa simu ya kabambe, na baada ya hapo zima stima kwenye swichi kuu uone nini kinabaki hai.

---

katibu_umoja

Swichi kuu iko kwa mlinzi, nitamwomba ufunguo. Wakili, muhtasari wa kurasa mbili tukiuandika sisi chama, je, ofisi ya wadi lazima iupitishe?

---

wakili_pembeni

Uandikeni, lakini utoke kwa jina la ofisi, na kila takwimu iwe na ukurasa wa waraka ilikotoka. Ukitoka kwa jina la chama, atakayepinga bajeti atasema mliwapotosha watu, na mwenye wajibu wa kutoa habari ni kaunti. Wakichelewesha waraka wenyewe, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu, kwa hivyo barua itoke mapema mwezi Desemba.